Kusitiri si Kuficha

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mithali 17:9, 28:13, Mathayo 1:18–25, 2 Samweli 11–13, Zaburi 32, 1 Timotheo 5:19, 20, 1 Wakorintho 5, 2 Wakorintho 2:5–11, Wagalatia 6:1–5.

Fungu la kukariri: Wagalatia 6:1, 2.

Mithali 17:9 humsifu mtu anayelifunika kosa la mwenzake. Mithali 28:13 huonya kwamba mtu anayezifunika dhambi zake mwenyewe hatafika mbali. Msomaji wa haraka anaweza kudhani mafungu haya yanapingana. Kiswahili, hata hivyo, kina maneno mawili yanayosaidia kuyaelewa. Kusitiri ni kumfunika mtu ili heshima yake isivunjwe. Aliyemkinga mwenzake na aibu husemwa amemsitiri. Kuficha ni kuliweka jambo mahali ambapo hakuna atakayelifikia, hata yule ambaye angeweza kuliponya. Wahenga walikwisha kuonya: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hakuna mahali ambapo tofauti hiyo huonekana wazi kama katika dhambi za zinaa. Katika maombi ya Jumatano jioni mshiriki anaweza kusimama akaomba aombewe kwa sababu ya hasira au uvivu wa kusoma Neno. Hasimami mtu akasema kwamba ana nyumba ndogo Tandika, au kwamba kila usiku hutazama picha za ngono kwenye simu mpaka saa nane.

Mazingira nayo yana mchango wake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Wilaya ya Temeke na 982,328 katika Wilaya ya Kinondoni. Huko Mbagala, Buza, Tandale na Mwananyamala, nyumba moja huweza kuwa na wapangaji watano au sita, choo kimoja na bomba moja. Katika mji wa namna hiyo ni rahisi mtu kupotea asijulikane alipo, na wakati huohuo ni vigumu jambo lake kubaki siri pale anapolala. Mwenye kujikwaa huogopa mambo mawili: kubaki peke yake na dhambi yake, na kuwa habari ya mtaa mzima.

Swali la juma hili ni hili: Je, kanisa linawezaje kuichukulia dhambi kwa uzito wake wote bila kumvua nguo aliyeanguka?

JUMAPILI
Mtu Mwenye Haki

Soma Mathayo 1:18–25. Yusufu alijua nini, na hakujua nini?

Yusufu alikuwa na kile ambacho watu wengi wangekiita ushahidi. Mchumba wake alikuwa mjamzito, na yeye alijua kwamba mimba si yake. Torati ilikuwa imeweka adhabu nzito kwa msichana aliyeposwa akapatikana na kosa hilo (Kumbukumbu la Torati 22:23, 24). Angeweza kwenda langoni pa mji, akasema mbele ya wazee, na jina lake lingebaki safi.

Hakufanya hivyo. Aliamua kuuvunja uchumba bila kumtangaza. Tena Mathayo anapomwita mtu mwenye haki, anamwita hivyo katika sentensi ileile inayosimulia kwamba hakutaka kumwaibisha Mariamu. Kwake haki na stara vilikaa nyumba moja. Hakusema kwamba hakuna lililotokea, wala hakujifanya kwamba uchumba ungeweza kuendelea kana kwamba zinaa ni jambo dogo. Alilichukulia jambo kwa uzito, na mtu akamchukulia kwa upole.

Liko jambo jingine ambalo kila mzee wa kanisa na kila mwalimu wa Shule ya Sabato anapaswa kulitafakari. Yusufu alikuwa amekosea. Alichokiona kilikuwa kweli, lakini maana aliyokipa haikuwa kweli. Kama angetangaza siku ile, angekuwa amemwaibisha mama wa Mwokozi kwa kosa ambalo hakulitenda. Stara yake ilimlinda Mariamu, na ilimlinda Yusufu mwenyewe asishuhudie uongo huku akidhani anatetea utakatifu.

Leo habari haihitaji lango la mji. Ujumbe mmoja katika kundi la WhatsApp la kwaya, ulioanza na maneno "tumwombee dada yetu," hufika kwenye simu themanini kabla ya chakula cha mchana. Maombi yanapotumika kubeba umbea, mwenye kuombewa hajasitiriwa. Amevuliwa nguo kwa lugha ya kiroho.

Ni habari gani kuhusu mshiriki mwenzako umewahi kuipokea kama ombi la maombi? Uliifikisha wapi?

JUMATATU
Mfalme Aliyeficha

Soma 2 Samweli 11 na Zaburi 32:1–5. Hesabu hatua ambazo Daudi alichukua ili jambo lake lisijulikane.

Daudi alianza kwa zinaa akamalizia kwa mauaji, na njia iliyomtoa pale hadi hapa ilikuwa kuficha. Alimwita Uria kutoka vitani. Alimhimiza aende nyumbani kwake. Ilipshindikana akamlewesha. Iliposhindikana tena akaandika barua, akampa Uria mwenyewe aibebe, naye hakujua kwamba amebeba kifo chake. Kila hatua ilikuwa ghali kuliko iliyotangulia. Katika Zaburi 32 Daudi anasimulia jinsi ukimya ule ulivyomla mwilini, mpaka nguvu zikamwishia.

Ni rahisi kumlaumu anayeficha. Ni vema kwanza kuuliza anaficha kwa nini. Baba aliye na mwanamke wa pembeni anajua kwamba akisema atapoteza ndoa na nafasi yake kanisani kwa siku moja. Binti ambaye kodi ya chumba chake inalipwa na mwanamume mwenye familia anajua kwamba akiungama leo, kesho hana pa kulala. Kijana aliyezoea picha za ngono ameona jinsi wenzake walivyochekwa. Yupo pia anayevutwa na watu wa jinsia yake, hajatenda lolote, analia usiku akimwomba Mungu. Amesikia mizaha inayotolewa hata na viongozi, naye ameamua kwamba hatamwambia mtu kamwe. Biblia inaweka tendo la ndoa ndani ya ndoa ya mume na mke, na kanisa halina mamlaka ya kulihamisha. Lakini Waebrania 4:15 inafundisha kwamba hata Yesu alijaribiwa, naye hakutenda dhambi. Kujaribiwa si kuanguka, na anayejaribiwa anahitaji mtu wa kusimama naye kabla hajaanguka.

Tanzania imejifunza kwa machozi madhara ya aibu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka mingi ugonjwa ule ulisemwa kwa kunong'ona kama adhabu ya wazinzi. Walioambukizwa hawakupungua kwa sababu ya kunyoshewa vidole. Walijificha, wakachelewa kupimwa, wakawaambukiza wengine. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya aliyepima. Muuguzi wa zahanati ya mtaani anajua kwamba akitoboa siri, watu hawatakuja tena kupima. Je, mzee wa kanisa awe na kifua chepesi kuliko muuguzi?

Mungu hakumwacha Daudi katika maficho yake. Alimtuma Nathani (2 Samweli 12:1–13). Nabii hakwenda sokoni, alikwenda kwa mhusika. Hakupunguza uzito wa neno hata kidogo; alimwambia mfalme kwamba mtu yule ni yeye. Lakini alimfikisha kwanza mahali ambapo moyo wake mwenyewe uliihukumu dhambi. Daudi akaungama, na siku hiyohiyo akasikia habari ya msamaha. Wala matokeo ya dhambi yake hayakufichwa.

Kuna tofauti gani kati ya mtu kuungama na mtu kuumbuliwa? Ni lipi kati ya hayo mawili linalotokea zaidi katika kanisa lenu?

JUMANNE
Mzigo Una Uzito

Soma Wagalatia 6:1–5. Paulo anawapa kazi hii watu wa namna gani, na anawaonya juu ya nini?

Paulo anamtaka aliyeanguka arejezwe na watu wa Roho, kwa upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Onyo hilo lina kazi. Anayemsaidia mwenye dhambi ya zinaa anaingia mahali penye utelezi. Kwa sababu hiyo wanawake na wasaidiwe na wanawake, na wanaume na wanaume. Mazungumzo yasifanyike usiku wala katika chumba kilichofungwa. Na msaidizi naye awe na mtu mmoja anayemwuliza habari zake. Nyani haoni kundule, lakini Mkristo ameagizwa alitazame.

Kisha Paulo anasema habari ya mizigo. Mzigo si neno la kupamba mahubiri. Una uzito, na anayeubeba kweli hutoka jasho. Mchukue yule binti aliyetajwa jana. Kumwambia "mwache huyo mwanamume" ni kweli, lakini ni nusu ya kweli kama hana pa kwenda. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Dorkasi wakimtafutia familia ya kukaa nayo kwa muda, na mshiriki mwenye genge au cherehani akamfundisha kazi, hapo ndipo neno la toba linapata miguu.

Wachukue pia watu wawili wanaoishi pamoja bila ndoa, wenye watoto wawili, ambao kila mwaka husema watafunga ndoa mwakani. Mara nyingi kinachowazuia si ukaidi. Mahari haijaisha, na wanaogopa harusi isiyo na ukumbi, kamati na michango. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, haidai ukumbi. Wazee wakienda pamoja nao kwa wazazi kuzungumza habari ya mahari, na kanisa likaandaa ibada fupi na chakula cha kawaida, kilichoshindikana kwa miaka minane kinaweza kumalizika kwa miezi miwili.

Na kijana wa simu je? Yeye anahitaji subira. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika hospitali za Mwananyamala na Temeke. Wanaohudumiwa walitakiwa kufika kila siku kunywa dawa mbele ya muuguzi. Hakuna aliyewaambia kwamba kwa kuwa walifika jana, leo wamepona. Mazoea ya zinaa nayo huuteka ubongo na mwili. Wito mmoja wa makambi unaweza kuwa mwanzo wa kweli, lakini baada ya makambi zinakuja Jumatatu nyingi. Kijana anahitaji ndugu mmoja atakayempigia simu saa nne usiku, amwulize swali wazi, asishtuke akisikia jibu, na kesho yake apige tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mtu akiungama kwako leo dhambi ya zinaa, ni mzigo gani wenye uzito, mbali na maombi, ambao ungeweza kumsaidia kuubeba juma hili?

JUMATANO
Mlango wa Kurudi

Soma 1 Wakorintho 5:1–5 na 2 Wakorintho 2:5–11. Ni nini kilichobadilika kati ya barua hizi mbili?

Wako washiriki waaminifu wanaosema kwamba upole wa namna hii hulea dhambi. Huelekeza kwenye 1 Timotheo 5:20, ambapo Paulo anaagiza karipio la mbele ya wote ili wengine waogope. Hoja yao isipuuzwe. Katika Korintho mtu alikuwa anaishi na mke wa baba yake, jambo linajulikana na watu wote, na kanisa lilikuwa linajivuna badala ya kuhuzunika. Paulo hakuliita jambo hilo siri ya mtu. Dhambi iliyo hadharani, ambayo mwenyewe haoni sababu ya kuiacha, haiwezi kufunikwa kwa ukimya.

Lakini 1 Timotheo 5:20 isomwe pamoja na fungu la 19. Hapo Paulo anazungumzia wazee wanaoshtakiwa, anadai mashahidi wawili au watatu, na karipio lenyewe ni kwa wanaodumu katika dhambi. Si agizo la kumsimamisha mbele ya kanisa kila binti aliyekuja mwenyewe akilia kwa mke wa mchungaji.

Kanuni ya Kanisa inafuata njia hiyohiyo. Marudi hayaamuliwi na mzee mmoja wala na baraza. Baraza hupendekeza, na washiriki huamua katika mkutano wa kanisa uliotangazwa ipasavyo. Mhusika ana haki ya kujulishwa na ya kujieleza. Karipio lina muda, kuanzia mwezi 1 hadi miezi 12. Katika muda huo mshiriki hapigi kura wala hashiki wajibu, lakini hanyimwi baraka za Shule ya Sabato, za ibada, wala za Meza ya Bwana. Jambo hili la mwisho husahaulika sana. Yupo mshiriki ambaye aliposikia jina lake limesomwa alidhani amefukuzwa, akabaki nyumbani, na hakuna aliyemfuata kumweleza vinginevyo. Hata aliyeondolewa katika ushirika, kanisa linaagizwa liendelee kuwasiliana naye kwa upendo.

Katika barua ya pili Paulo anaomboleza juu ya mtu aliyeadhibiwa, akiogopa asije akamezwa na huzuni. Wakorintho wamsamehe, wamfariji, wamthibitishie upendo wao. Anaongeza kwamba wasipofanya hivyo Shetani atapata nafasi. Shetani, basi, ana milango miwili ya kuingilia kanisani: kanisa linapokataa kukemea, na kanisa linapokataa kusamehe. Makanisa mengi yameweka walinzi kwenye mlango wa kwanza na kuuacha wa pili wazi.

Kuna mtu aliyewahi kuwekewa marudi katika kanisa lenu ambaye haonekani tena? Ni nani aliyemtembelea mara ya mwisho?

ALHAMISI
Tamari Aliambiwa Anyamaze

Soma 2 Samweli 13:1–22. Absalomu alimwambia nini dada yake? Daudi alifanya nini alipopata habari?

Mpaka hapa somo limezungumzia mtu anayepambana na dhambi yake. Kuna habari nyingine ambayo haipaswi kuchanganywa na hiyo. Amnoni alimbaka Tamari. Tamari hakuificha habari: alirarua vazi lake, akatoka akilia kwa sauti. Ni watu wa nyumbani waliomnyamazisha. Absalomu alimtaka atulie kwa kuwa mtendaji ni ndugu yake. Daudi alikasirika sana, kisha hakufanya lolote. Miaka miwili baadaye Absalomu alimwua Amnoni, na nyumba ya mfalme haikupata amani tena.

Katika vitongoji vya mji ukimya huu una jina: kuyamaliza kifamilia. Mjomba amemharibu mtoto, wakubwa wanakaa kikao, fedha inatolewa, na mtoto anaambiwa asiseme. Kanisani huitwa kulinda jina la Bwana. Lakini jina la Bwana halilindwi kwa machozi ya mtoto. Huko si kusitiri. Ni kuficha, tena ni kumficha mwenye nguvu nyuma ya mgongo wa mnyonge.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inamhesabu kuwa mbakaji mwanamume anayelala na binti wa chini ya miaka 18 nje ya ndoa, hata kama inadaiwa kwamba binti alikubali. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Mzee wa kanisa, mwalimu na mchungaji ni wanajamii. Mtoto apelekwe hospitali mapema, kwa maana dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Taarifa ifike kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa simu namba 116. Jina la mtoto lisitajwe kanisani.

Na mtendaji? Yeye pia ni nafsi ambayo Kristo aliifia. Anaweza kutubu, kuombewa na kutembelewa, hata gerezani. Toba yake haimrudishii darasa la watoto, wala haifuti kesi yake. Aliyetubu kweli hataomba afutiwe.

Kwa nini ni rahisi kwa kanisa kumkemea binti aliyepata mimba kuliko kumwuliza aliyempa mimba ni nani, na binti ana umri gani?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Yusufu alinyamaza, na Absalomu alitaka kunyamaza. Kwa nje ukimya wao unafanana. Kinachoutofautisha ni swali moja: nani analindwa na ukimya huu? Ukimya wa Yusufu ulimlinda aliyekuwa katika hatari. Ukimya wa nyumba ya Daudi ulimlinda aliyeumiza. Kila mara kanisa linapojiuliza kama liseme au linyamaze, swali hilo liulizwe kabla ya kura.

Zipo nyakati jibu litakuwa gumu. Mke ambaye mumewe ameungama kwa mzee habari ya mwanamke wa nje ana haki na afya ya kulindwa. Mzee hawezi kuitunza siri hiyo milele huku mke akiishi katika hatari bila kujua. Kumsitiri mume hapo ni kumpa muda mfupi ulio wazi, kumsindikiza akaseme mwenyewe, na kwenda nao wote wawili kupima. Ni kazi yenye machozi, wala hakuna kanuni inayoweza kuifanya kwa niaba ya mtu.

Katika bustani ya Edeni wanadamu wa kwanza walijishonea majani, wakajificha. Mungu aliwaita watoke. Alisikia walichotenda, akasema wazi matokeo yake, kisha akawafanyia mavazi ya ngozi, akawavika (Mwanzo 3:7–21). Aliwatoa mafichoni kwanza, ndipo akawasitiri. Kanisa likifuata utaratibu huo, mwenye dhambi atakuja mchana, kwa miguu yake mwenyewe.

Maswali ya kujadili:

1. Darasa lenu lina watu wangapi ambao mtu mwenye dhambi ya siri angeweza kuwaendea bila hofu? Nini kifanyike ili waongezeke?

2. Ni mizaha gani husemwa kanisani inayowafunga midomo wanaopambana?

3. Baraza la kanisa lenu lifanye nini juma hili ili kila mzee na kila mwalimu wa watoto ajue pa kupeleka taarifa mtoto anapoumizwa?

4. Mshiriki anasema: "Nimeungama kwa Mungu, inatosha." Yakobo 5:16 linamjibu nini? Na wewe ungemjibu vipi bila kumlazimisha?